Aliteka Nini? Kisa cha insha moja kisiwani Lamu

Sentensi yenyewe ni hii: "Mamangu akateka hata matozi yakamtoka."

Iliandikwa na msichana wa Kidato cha Tatu katika shule moja ya upili kisiwani Lamu, ndani ya insha kuhusu siku asiyoweza kuisahau. Punda wa kubeba mchanga alimponyoka mwenyewe, akapanda dakani kwao, kibaraza cha mlangoni, na kulila sinia zima la mahamri yaliyowekwa hapo yapoe. Mama mtu, badala ya kushika fimbo, akateka. Yaani akacheka, mpaka machozi yakamtoka.

Mwalimu aliizungushia "akateka" duara la wino mwekundu, akaandika pembeni: "Aliteka nini? Maji?" "Matozi" nayo ikapata duara, na herufi moja juu yake: h, kosa la hijai. "Ndia" duara. "Zombo" duara. "Kitwa" duara. Kwenye ukurasa ule mmoja nilihesabu maduara kumi na manne. Punda yule alipata alama sita kwa ishirini.

Nilihesabu kwa sababu nilikuwa mkuu wa idara na daftari lilipita mikononi mwangu kabla ya kurudishwa. Mimi ni mtu wa Malindi. Neno mato, yaani macho, nimelisikia tangu sijaota meno. Niliisoma insha, nikamwona punda, nikacheka peke yangu pale mezani, kisha nikatia sahihi chini ya ile sita. Hilo nimelitanguliza makusudi, maana visa vya namna hii huwa na tabia ya kumtafuta mwalimu kijana wa kulaumiwa, na mkubwa wake anabaki kuwa msimulizi mwenye hekima.

Mwalimu mwenyewe

Alikuwa mwaka wake wa pili kazini, mzaliwa wa Bungoma, na Lamu ndipo alipopangwa mara ya kwanza. Ngeli alizijua kama vidole vyake. Alisahihisha madaftari usiku huohuo aliyoyakusanya, jambo ambalo sisi wazee wa idara tulikuwa tumeshaliacha. Kiswahili yeye alikipata shuleni, kwa jasho, kipindi baada ya kipindi, kwa hiyo alikiheshimu kama mtu anavyoheshimu kitu alichokinunua kwa pesa zake. Alipoona mtoto wa Amu, yaani Lamu, aliyezaliwa ndani ya lugha, anaandika "zombo", alidhani ni uvivu. Aliwahi kuniambia hivyo: "Hawa wanacho bure, ndiyo maana wanakichezea."

Wiki chache baada ya insha ya punda, alikuwa akifundisha ushairi. Ubeti aliouandika ubaoni ulikuwa na neno "mato", na yeye akaeleza kama tunavyoeleza sote: hapa mshairi ametumia kikale, ni sehemu ya uhuru wa mshairi, andikeni. Yule msichana akacheka. Si kicheko kikubwa, ni kile cha puani. Mwalimu akamuuliza kinachomchekesha.

"Mwalimu, leo asubuhi mamangu kaniambia nioshe mato."

Darasa likaangua kicheko, na mwalimu akakichukua kuwa dharau. Msichana akaletwa ofisini kwangu. Nilimpa ile nasaha ya kawaida, kuwa nyumbani ni nyumbani na mtihani ni mtihani, nikamrudisha darasani. Kesi imekwisha, nilidhani.

Kilichofuata nilikiona na nikakisoma kinyume. Insha zake zikaanza kuwa safi. Hakuna duara hata moja. Alama zikapanda kidogo, kumi, kumi na moja. Nilimwambia mwalimu kuwa dawa imefanya kazi. Hatukutazama urefu. Insha za kurasa mbili na nusu zilikuwa zimekuwa ukurasa mmoja mfupi, wenye sentensi kama za mtoto wa darasa la nne: Tulienda sokoni. Tulinunua samaki. Tulirudi nyumbani. Alikuwa ameacha kuandika neno lolote asilokuwa na hakika nalo, na kwa kuwa hakujua lipi ni la nyumbani na lipi ni la kitabuni, aliyaacha karibu yote. Punda hakuonekana tena.

Mahamri

Mwalimu alikuwa amepanga chumba Langoni, na kila asubuhi alinunua mahamri mawili na mbaazi kwa mama mmoja wa mtaa wa pili. Hawakuwa na mazungumzo zaidi ya salamu. Siku moja yule mama akamuuliza kama yeye ndiye anayemsomesha binti yake Kiswahili. Akasema ndiye. Mama akacheka, akamwambia: "Basi wewe wanidai. Siku ile ya punda, yako pia yaliliwa."

Mwalimu aliikumbuka siku hiyo. Alifika akakuta sinia tupu, akaenda kazini na njaa, tena akiwa amenuna.

Alikuja ofisini akiwa na daftari la zamani la msichana, ameshalifungua kwenye ukurasa wenyewe. Hakuketi.

"Mwalimu, kuteka ni nini?"

"Ni kucheka. Kwa Kiamu."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na matozi?"

"Machozi."

Akanyamaza kidogo. "Sasa mbona ulitia sahihi?"

Nikamjibu kuhusu mtihani wa taifa, kwamba msahihishaji wa Karatasi ya Kwanza, ile ya insha, hana habari na Lamu. Jibu hilo ni la kweli, na lilikuwa halijibu swali. Yeye alikuwa ameuliza kwa nini mtu anayejua alimwacha asiyejua aendelee kutojua. Lamu nzima ilikuwa inamsikia akikosea na hakuna aliyemwambia, mimi nikiwa wa kwanza. Tunaita hiyo staha. Wakati mwingine ni staha, na wakati mwingine ni njia ya mwenyeji kumfungia mgeni mlango bila kuugusa.

Kwa bibi

Mama wa mahamri ndiye aliyesema: kama wataka haya maneno, nenda kwa mkwe wangu, mimi sina nafasi. Mwalimu akaenda Alhamisi alasiri, pamoja na msichana. Niliyoyapata ya siku hiyo nimeyapata kwake na kwa msichana, na hayapingani.

Bibi aliwapokea kiwandani, yaani uani, akatandika mkeka. Alikuwa na daftari la utendi wa Mwana Kupona, lililonakiliwa kwa herufi za Kiarabu. Utendi huo ulitungwa mwaka 1858 na mama wa pande za Pate na Siu akimuusia bintiye, na kwa Waswahili wa kaskazini si "fasihi" kwa maana ile ya Karatasi ya Tatu. Ni kitu ambacho binti alisomewa na mamake, akakishika, naye akamsomea wake. Mwalimu alikuwa ameusoma chuo kikuu, katika chapa yenye maelezo chini ya kila ukurasa. Herufi za Kiarabu hakuzijua. Basi msichana akawa anasoma mshororo, mwalimu anaurudia na kuuandika kwa herufi zetu hizi, na bibi anasikiliza.

Hapo ndipo penye somo lote, kwa maoni yangu, nami sikuwapo. Kila msichana aliposoma neno kwa Kiamu, mwalimu kwa mazoea aliligeuza. Akisikia "mato" anarudia "macho". Bibi hakusema "umekosea". Aliurudia mshororo mwenyewe, polepole, kisha akangoja. Mwalimu akarudia, akageuza tena. Bibi akaurudia tena, kwa sauti ileile, bila kuongeza kitu. Mara ya nne au ya tano mwalimu akasikia. Aligundua kwamba kila alipolisanifisha neno la mwisho wa kipande, kina kilikuwa kinakatika. Vipande viwili vimeishia kwa "to", yeye cha tatu anakimalizia kwa "cho". Mizani nane ziko palepale, lakini beti imechechemea.

Miaka yote hiyo alikuwa akifundisha kuwa mshairi hulipinda neno ili apate kina. Kumbe mshairi hakupinda kitu. Alitunga kwa lugha aliyokuwa akiizungumza, vina vikaja vyenyewe, na anayepinda ni yule anayesoma kwa sanifu.

Akamwambia bibi ukweli, kwamba darasani aliyaita maneno haya kikale. Msichana anasema bibi alifikiri kidogo, kisha akasema: "Mimi ndiye wa kale. Maneno ni ya yeo."

Yeo ni leo. Mwalimu alirudi kwa bibi Alhamisi sita au saba zilizofuata. Bibi hakuwa mpole kama watu wanavyopenda kuwachora bibi: alimwambia anatafuna maneno, na siku aliyokuja amechelewa hakumsomesha. Alikuwa akimfunza kama mtoto wa chuoni, na chuo hapa ni kile cha kusoma Kurani, ambako unasoma kwa sauti mbele ya mwalimu wako na huruki mstari mpaka huu umekaa sawa. Mtu mwenye shahada, mkekani, akirudishwa nyuma mshororo mmoja kwa mwezi mzima. Aliniambia lilikuwa jambo la kuchosha kuliko la kuaibisha.

Mombasa, 1928

Ilinibidi nami nitoe changu, nikamweleza jinsi tulivyofika hapa. Alikuwa akiyajua yote. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliokichagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kuwa msingi wa sanifu, kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoanza kazi 1930. Alikuwa ameyakariri kwa ajili ya mtihani. Ila aliyakariri kama tarehe, bila kujiuliza nani alikaa upande wa pili wa meza. Wamisheni wa Mombasa walikuwa wametia mkazo kwenye Kimvita, lahaja ya huko. Kiamu kilikuwa na hazina kubwa ya maandishi ya kishairi. Kiunguja kilikuwa na kitu kingine: kilikuwa kimeshatembea na misafara ya biashara mpaka Tabora na Ujiji, na serikali za kikoloni zilitaka lugha moja ya shule na ofisi kwa nchi nne. Sioni kosa katika kuchagua. Lugha ya vitabu lazima iwe na mahali pa kusimama. Kosa liliingia baadaye, polepole, pale neno lisilochaguliwa lilipoanza kuitwa neno bovu.

Na wasiochaguliwa hawakuacha kukitumikia Kiswahili. Ahmed Sheikh Nabhany, mtu wa Lamu aliyezaliwa 1927 na kufariki 2017, alipata ushairi kwa bibi yake, na ndiye aliyetupa neno "runinga". Mwalimu alilitumia hilo darasani siku iliyofuata. Aliuliza nani kaliunda neno runinga. Mmoja akajibu kwa hakika kabisa: "Wazungu."

Kanuni, na jinsi ilivyovunjika

Aliingia darasani akawaomba radhi. Hilo lilileta maneno katika chumba cha walimu. Wawili watatu walisema ameshajishusha na hatawaweza tena. Mimi mwenyewe nilidhani ametia chumvi. Lakini radhi ilichukua dakika moja, kisha akawapa kazi: kila mmoja alete maneno matano ya nyumbani ambayo yangezungushiwa duara.

Alichukua karatasi kubwa ya manila, akachora zile zidaka, vishubaka vya ukutani vya nyumba za Amu, safu juu ya safu, na katika kila kidaka yakaketi maneno mawili, la nyumbani na la kitabuni. Juu akaandika ZIDAKA. Mgeni mmoja wa ukaguzi aliuliza mbona kichwa kimekosewa tahajia, kwani wingi wa kidaka ni vidaka. Darasa zima lilimtazama kwa huruma.

Wanafunzi wakaona mpangilio wenyewe, kabla hajawaambia. Penye ch ya sanifu, Kiamu kina t: macho na mato, kichwa na kitwa, kucheka na kuteka. Penye j, y au pengo tupu: moja na moya, juu na yuu, maji na mai. Penye nj, nd: njia na ndia, njaa na ndaa. Penye vi au vy ya wingi, zi au z: vitu na zitu, vyombo na zombo. Kumi kati ya yale maduara kumi na manne yalikuwa kanuni hizo nne zikirudiwa. Makosa hayo kumi yalikuwa, kwa kweli, mambo manne tu ya kujifunza. Wino mwekundu haukuwahi kumwonyesha hilo, kwa sababu duara huzungukia neno moja na kulitenga na mwenzake.

Ningependa kisa kiishie hapo. Hakikuishia.

Kijana mmoja wa Faza, Mbajuni, aliinua mkono akasema kwao mambo hayaendi hivyo. "Kwetu mtu ni nchu. Tatu ni chachu." Yaani Kitikuu, lahaja ya Wabajuni, palipo na t ya sanifu, kimeweka ch. Jedwali zuri la mwalimu likageuka kichwa chini mbele ya macho yake. Alikaa na chaki mkononi, kisha akampa kijana ile chaki akisema hajui, aeleze yeye. Nilikuwa nimekaa nyuma siku hiyo. Nimekaa nyuma ya madarasa mengi na sikumbuki mara nyingine nilipoona mwalimu akisema "sijui" pasipo kuongeza "lakini" baada yake.

Halafu insha ya yule msichana. Alirudi kuandika kurasa mbili na nusu, na tukafurahi, mpaka tukaisoma. Alikuwa ameandika "machunda". Alikuwa ameandika "kuchazama". Kanuni aliishika vizuri mno: t ya nyumbani ni ch ya shuleni, basi matunda akayafanya machunda. Hilo ni kosa letu sisi. Kanuni ile hutembea upande mmoja tu. Ukitoka sanifu kwenda Kiamu inakupeleka salama, kwani karibu kila ch ya jamii ile huwa t. Ukitoka Kiamu kwenda sanifu haikusaidii, kwa sababu t nyingi za Kiamu ni t tangu mwanzo na sanifu nayo inazo. Matunda ni matunda kote kuwili. Kwa hiyo kanuni inakusaidia kushuku neno, haikupi jibu. Jibu lazima uwe umelisoma mahali. Nimeona makala nyingi zikisifu kuanzia kwa lugha ya mtoto, na nakubaliana nazo, ila huwa hazifiki kwenye machunda.

Dawa ilitoka pembeni. Aliyekuwa akiongoza darasa kwa insha alikuwa kijana wa Mpeketoni, ambaye wazazi wake wanazungumza Kikuyu nyumbani. Hakuwa na Kiamu wala Kitikuu cha kumvuta mkono. Kiswahili chake chote kilitoka vitabuni, kama cha mwalimu. Tulikuwa tumezoea kumtumia kuwasuta wenzake, "mtazameni mwenzenu aliyekuja juzi", bila kujali kwamba kila tunapolisema hilo tunamkumbusha kuwa amekuja juzi. Wakati wa zidaka alikaa kimya. Alipoulizwa, alisema yeye hana maneno ya kuleta.

Hapo mwalimu akawaeleza kuhusu kibao. Alipokuwa shule ya msingi, aliyekutwa akizungumza Kibukusu alivishwa kibao shingoni, naye alikaa nacho mpaka amsikie mwingine akikosea amvishe yeye; wa mwisho jioni alichapwa. Alisema alikivaa mara nyingi kwa sababu alikuwa mpenda maneno. Aliishia hapo, hakufafanua. Siku ya pili kijana wa Mpeketoni alileta maneno matano ya Kikuyu, nayo yakapata vidaka vyao, japokuwa hayakuhusiana na ch wala t.

Tangu hapo yeye na msichana wakawa wanasomeana. Kijana alipitia insha za msichana kabla hazijakusanywa, maana sikio lake lilikuwa likishtuka kwenye machunda. Msichana alimsomea tenzi kwa sauti, kwa sababu kijana alikuwa hodari wa kutaja mizani lakini hakuwahi kuzisikia. Waligombana mara mbili kwa ninavyojua. Mara ya pili ilikuwa juu ya neno moja tu, na kamusi ilibidi iitwe.

Msichana alimaliza mwaka akiwa na kumi na tatu, kumi na nne. Si miujiza, na siwezi kuapa kwamba ni zidaka, kwani alikuwa pia amekua mwaka mmoja. Mwalimu alihamishwa kwenda bara mwaka uliofuata, na karatasi ya manila ikachanika kwa unyevu. Mwalimu aliyempokea alianza upya na maduara. Nilimwita ofisini wiki yake ya kwanza, na safari hii nilimwambia kuteka ni nini kabla hajauliza.

Lakini kabla ya uhamisho ule, daftari la mwisho la msichana lilipita kwangu kama mengine. Insha ilikuwa juu ya arusi, na ndani yake mama alikuwa ameteka tena. Hapakuwa na duara. Pembeni, kwa wino wa buluu, mwalimu alikuwa ameandika: "Nyumbani, sawa. Kwenye mtihani: akacheka." Chini yake msichana alikuwa amejibu kwa penseli: "Na kwenu Bungoma, mwasemaje?"

Mwalimu alikuwa amelijaza jibu, mistari minne mitano iliyobanwa ukingoni mwa karatasi. Nilitia sahihi mahali pangu nikalifunga daftari.